Betri mpya, stata nzima, na gari haliwaki: uchambuzi wa kisa kimoja

Gari linalozungumzwa hapa ni la petroli, injini yake ina silinda nne na ujazo wa lita 1.5, gia zake ni za mkono, na akselereta yake huvutwa kwa kebo ya chuma inayotoka kwenye pedali hadi kwenye injini. Ninaitaja kebo hiyo mapema kwa sababu ndiyo iliyobeba ushahidi mkubwa kuliko kitu kingine chochote katika kisa hiki, lakini ilibadilishwa na kutupwa pembeni bila kuulizwa swali hata moja. Mwenye gari ni shemeji yangu, mtu mwangalifu anayebadilisha mwenyewe oili, plagi na pedi za breki, na ambaye kazi ya mikono yake haina kasoro. Aliponiita alikuwa ameshahangaika kwa miezi mitatu.

Tatizo lilianza kwa stata, yaani mota ya umeme inayoizungusha injini ili iwake, kusuasua asubuhi. Injini ilizunguka kwa uvivu, ikawaka kwa shida, na siku nyingine haikuzunguka kabisa bali ilitoa mlio wa tik-tik-tik wa haraka kutoka upande wa stata, huku taa za dashibodi zikififia na kurudi. Alinunua betri mpya. Kwa muda wa wiki mbili hivi gari likawaka vizuri zaidi, naye akaamini kuwa kazi imekwisha. Kisha hali ikarudi ilivyokuwa. Siku moja gari liligoma kwa muda mrefu, akapiga stata mara nyingi mfululizo, na lilipowaka hatimaye akagundua kuwa pedali ya mafuta imekuwa nzito na inakwama katikati, kwa hiyo akanunua kebo ya akselereta na kuifunga mwenyewe. Baada ya hapo akaishusha stata, akaifungua, akakuta kaboni zake, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu yake inayozunguka, zimelika, akaweka mpya. Ilipojaribiwa mezani ilizunguka vizuri. Iliporudishwa kwenye gari ikasuasua vilevile. Mwishowe fundi mmoja akapima chaji kwenye betri, injini ikiunguruma na taa zikiwa zimewashwa, akapata volti 13.3 na kumwambia kuwa altaneta, mashine inayozungushwa na injini ili kuijaza betri, imechoka. Shemeji alinipigia simu altaneta nyingine ikiwa imeshachaguliwa lakini haijalipiwa.

Sitaki msomaji aone kuwa hatua hizo zilikuwa za kijinga, kwa sababu hazikuwa. Stata inaposuasua, betri ndiyo mtuhumiwa wa kwanza kwa haki kabisa, na kaboni zilizokutwa ndani ya stata zilikuwa zimelika kweli. Ugumu uko papo hapo: katika gari lililotumika miaka mingi, kila utakachokifungua utakikuta na kasoro ya namna fulani, na kasoro hiyo itakushawishi kuwa umeshafika kwenye chanzo cha ugonjwa. Kaboni zilikuwa zimelika, ila si zilizolizuia gari kuwaka. Katika miezi mitatu yote hakuna aliyepima umeme unapotelea wapi wakati stata inazunguka, na hicho ndicho kipimo pekee ambacho kingeweza kuitenga betri na stata, na stata na nyaya zinazoviunganisha.

Nilipofika nilimwomba tusiguse spana kwanza, anisimulie upya tangu siku ya kwanza, hata yale aliyoyaona kuwa hayahusiani. Katika masimulizi hayo yalijitokeza mambo mawili. La kwanza lilikuwa mshale wa joto la injini, ambao kwa muda sasa ulikuwa unapanda kidogo kila alipowasha taa kubwa na kushuka alipozizima. Yeye alidhani ni geji mbovu na hakuona sababu ya kuunganisha jambo hilo na stata. La pili lilikuwa ile kebo.

"Shemeji, kebo ya zamani bado unayo?"

"Ipo, shemeji. Niliiweka kwenye boksi la vyuma chakavu."

Tuliitoa na kuilaza juu ya meza. Ngozi yake ya nje ilikuwa imevimba katika sehemu mbili na kung'aa, kama plastiki inavyong'aa ikishalainika na kuganda tena. Nilipojaribu kuuvuta waya wa ndani ulisogea kiasi cha upana wa kidole kisha ukagoma. Niliipasua kwa kisu kwa urefu wa kiganja, na ndani nikaona kuwa bitana ya plastiki, ile inayoufanya waya uteleze, imeyeyuka na kuzigandia nyuzi za chuma, na nyuzi zenyewe zimegeuka rangi ya kahawia mahali ambapo zilipaswa kuwa za fedha. Kisha nikafuata njia ya kebo mpya kwenye gari ili nione kama inapita karibu na ekzosi. Haikupita. Kebo ile ilikuwa imeungua kutoka ndani kwenda nje, na waya wa chuma usiokaribiana na moto wowote huungua hivyo kwa sababu moja tu: umepitisha umeme ambao haukuundwa kuupitisha.

Hapa panahitaji maelezo, kwa sababu watu wengi hufikiri umeme wa gari hutoka kwenye nguzo chanya ya betri, hufika kwenye kifaa, na safari huishia hapo. Umeme lazima urudi. Stata haina waya wake wa hasi. Mwili wake wa chuma umefungwa kwa bolti kwenye injini na giaboksi, kwa hiyo mkondo ukishapita ndani ya stata huingia kwenye chuma cha injini na kutafuta njia ya kurudi kwenye nguzo hasi. Injini, hata hivyo, haigusani na bodi ya gari kwa chuma. Imekaa juu ya raba zinazomeza mtikisiko, na raba haipitishi umeme. Ndiyo maana kila gari lina waya mnene, mara nyingi wa kusukwa kwa nyuzi nyingi za shaba ili uweze kupinda injini inapotikisika, unaounganisha injini na bodi au injini na betri moja kwa moja. Mafundi wengi huuita waya wa athi. Kwenye gari la shemeji kulikuwa na nyaya mbili zinazofuatana: mmoja kutoka nguzo hasi hadi kwenye bodi karibu na betri, na mwingine wa kusukwa kutoka kwenye bodi hadi kwenye giaboksi, chini, mahali ambapo matope na maji hurukia.

Stata ya injini ndogo kama hii huvuta zaidi ya ampea 100 inapozungusha. Waya wa athi unapoharibika, mkondo huo hausubiri. Hujigawa na kupita popote penye chuma kinachounganisha injini na bodi, na kebo ya akselereta ni mojawapo ya njia hizo. Kebo ya chuma yenye unene wa milimita 1.5 na urefu wa mita moja ina ukinzani, yaani kiasi cha kuuzuia umeme, wa karibu sehemu moja ya kumi ya omu. Ukiiwekea tofauti ya volti 3 kati ya ncha zake mbili, itapitisha karibu ampea 30 na kutoa joto la takriban wati 90 ndani ya ngozi nyembamba ya plastiki. Stata ikipigwa mara moja kwa sekunde mbili, joto hilo hupotea. Ikipigwa mara kumi na tano mfululizo, kama ilivyopigwa siku ile, plastiki huyeyuka.

Kufikia hapo nilikuwa na dhana yenye nguvu, lakini dhana si kipimo, na ningependa kusema wazi kuwa kama tungenunua waya wa athi papo hapo kwa kuitegemea kebo iliyoungua tungekuwa tunarudia kosa lilelile kwa bahati nzuri zaidi. Tulitoa multimeta, kile kifaa cha kupimia volti na ukinzani.

Maandalizi yenyewe hayakuchukua muda lakini yana uzito. Gari lilisimamishwa mahali tambarare, breki ya mkono ikavutwa, gia ikawekwa huru, na fyuzi ya pampu ya mafuta ikatolewa, kisha injini ikawashwa hadi ikazima yenyewe kwa kukosa petroli, ili stata iweze kuzungushwa bila injini kuwaka. Nilivua saa. Nilimwomba shemeji akae kwenye usukani na asipige stata kwa zaidi ya sekunde tano kila mara, na kati ya mara moja na nyingine tusubiri kama dakika moja, kwa sababu stata hupata joto haraka sana na haina kitu cha kuipoza. Betri ya asidi na risasi hutoa gesi ya haidrojeni inapochajiwa, kwa hiyo hakuna sigara wala cheche karibu nayo, na macho yakingwe.

Kipimo cha kwanza, nilichokichukua kabla injini haijawashwa kwa maandalizi hayo, kilikuwa cha betri ikiwa imetulia, gari limezimwa tangu usiku: volti 12.6. Betri ya gari ina seli sita, kila moja ikitoa volti 2.1 hivi ikiwa imejaa, kwa hiyo 12.6 ni betri iliyojaa. Kisha nikaziweka ncha za multimeta kwenye nguzo zenyewe za risasi, si kwenye terminali zinazozibana, maana uchafu ukiwa kati ya nguzo na terminali kipimo cha juu ya terminali kitauficha. Shemeji akapiga stata. Injini ilizunguka kwa uvivu uleule wa siku zote na multimeta ikaonyesha volti 11.4.

Namba hiyo ndiyo iliyonisimamisha, na ningemwomba msomaji aitazame vizuri. Betri dhaifu ikitwishwa mzigo wa stata huporomoka. Chini ya volti 9.6 hivi huanza kutiliwa shaka kubwa. Hii haikuporomoka. Ilibaki juu, na bado stata ilikuwa inalalamika. Betri inayobaki na volti 11.4 wakati stata inasuasua inakuambia kuwa haijaombwa mkondo wa kutosha, yaani kuna kitu njiani kinachouzuia. Kwa hiyo betri ya zamani, iliyokuwa imeshaondolewa, huenda haikuwa na hatia kubwa.

Baada ya hapo tulizipima njia zenyewe. Mbinu yake ni kuweka ncha moja ya multimeta mwanzoni mwa njia na nyingine mwisho wake, ikiwa kwenye volti za mkondo mnyoofu (DC), kisha kupiga stata. Njia nzima ingekuwa nzuri, multimeta isingeonyesha karibu kitu chochote, kwa kuwa volti ni tofauti kati ya nukta mbili, na njia nzuri haiachi tofauti. Kutoka nguzo chanya hadi kwenye nati nene ya stata tulipata volti 0.3, kiasi kinachokubalika. Kutoka nguzo hasi hadi kwenye injini, kipimo cha kwanza kilinipa namba zinazorukaruka bila maana, na nusura niandike kuwa upande wa hasi ni mzima. Nilikuwa nimeigusisha ncha kwenye sehemu yenye rangi na mafuta yaliyokauka. Nilikwaruza kwa bisibisi hadi chuma kikang'aa, nikarudia. Volti 3.1.

Mafundi wengi wa umeme wa magari huvumilia hadi nusu volti kwa kila upande wakati stata inazunguka. Mimi upande wa hasi sipendi kuona zaidi ya 0.2. Volti 3.1 ni zaidi ya robo ya umeme wote unaoishia njiani. Ukijumlisha, betri ilitoa 11.4, njia ya chanya ikala 0.3, njia ya hasi ikala 3.1, na stata ikabaki na volti 8.0 za kuizungushia injini nzima. Tuliigawa njia ya hasi vipande viwili: kutoka nguzo hasi hadi bodi ilikuwa 0.1, na kutoka bodi hadi giaboksi ilikuwa 3.0. Sasa tulijua ni waya upi.

Shemeji alikataa, na alikuwa na sababu. Waya ule wa kusukwa alishaupima mwenyewe mwezi mmoja kabla, kwa kuiweka multimeta kwenye kipimo cha omu kile kinachopiga mlio, na ulilia vizuri, namba ikiwa karibu na sifuri. "Waya huu mzima, shemeji, niliupima mwenyewe," alisema. Ninaliandika hili kwa kirefu kwa sababu ni kosa ambalo humkuta mtu makini, anayepima, na ndiyo maana linauma. Kanuni ambayo Georg Simon Ohm aliichapisha mwaka 1827 inasema volti zinazopotea ni sawa na mkondo ukizidishwa kwa ukinzani. Kwa volti 3 kupotea kwenye mkondo wa ampea 100 unahitaji ukinzani wa omu 0.03 tu. Nyaya za multimeta ya kawaida, zikigusanishwa zenyewe kwa zenyewe, huwa na ukinzani mkubwa kuliko huo mara kadhaa, na multimeta yenyewe katika kipimo cha omu hutuma mkondo mdogo mno usioweza kuuchosha hata unyuzi mmoja wa shaba. Waya wenye nyuzi 200, uliobakiza nyuzi kumi, utalia kwa furaha ileile kama waya mpya. Ni sawa na kupima uimara wa daraja kwa kumpitisha kuku. Waya unaobeba mzigo mkubwa hupimwa ukiwa umebeba mzigo huo, na stata ndiyo mzigo wenyewe, tayari upo kwenye gari.

Uthibitisho wa mwisho haukuhitaji hesabu. Tulichukua waya mmoja mnene wa kubustia betri, wa aina inayotumika kuazima umeme wa betri ya gari jingine, tukaubana upande mmoja kwenye nguzo hasi na upande mwingine kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na mikanda na feni, na shemeji akapiga stata. Injini ilizunguka kwa kasi ambayo hakuwa ameisikia kwa miezi kadhaa. Aliachia ufunguo, akashuka, akaja kuuangalia ule waya kama anayetaka kuhakikisha hatujafanya kitu kingine. Tuliutoa, akapiga tena, uvivu ukarudi. Tukaurudisha, kasi ikarudi. Mtu anayefanya kazi hii nyumbani bila multimeta anaweza kujifunza mengi kwa jaribio hili peke yake, ili mradi waya anaoutumia uwe mnene kweli, kwa sababu nyaya nyembamba za kubustia nazo hula volti na zinaweza kumdanganya kuwa waya wa athi hauna kosa.

Tulifungua terminali ya hasi kwanza, kama inavyopasa kwa kazi yoyote karibu na betri, kwa sababu spana ikiteleza kutoka kwenye nguzo chanya na kugusa bodi wakati hasi bado imefungwa, cheche itakayotoka inaweza kuyeyusha chuma au kuipasua betri. Kisha tukaushusha waya wa kusukwa. Ukiutazama kutoka juu, boneti ikiwa wazi, ulionekana mzima. Upande wa chini, mahali ambapo nyuzi zinaingia kwenye kichwa chake chenye tundu la bolti, shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani. Niliukunja kidogo kwa vidole na nyuzi zikakatika zenyewe, moja baada ya nyingine, kama nyasi kavu. Zilizobaki zimeshika ningeweza kuzihesabu. Chini ya kichwa hicho kulikuwa na jambo la pili: kiini cha kutu kilichozunguka bolti, na ndani yake mduara wa rangi nyeusi ambao haukuwahi kukwaruzwa. Kwa kuwa giaboksi ilishushwa miaka miwili kabla ili klachi ibadilishwe, ninaona waya ulirudishwa wakati ule juu ya chuma kilichopakwa rangi, ukategemea nyuzi za bolti peke yake kupitisha umeme, na unyevu ukafanya kazi iliyobaki. Hilo la rangi ni hitimisho langu kutokana na nilichokiona. Hakuna aliyekuwepo wa kulithibitisha.

Ukarabati wenyewe ni sehemu fupi ya kisa. Waya mpya ulichaguliwa wenye eneo la shaba la milimita za mraba 35, mrefu kidogo kuliko wa zamani ili uwe na ulegevu injini inapotikisika, vichwa vyake vikiwa vimebanwa kwa mashine ya kubania badala ya kuchomelewa kwa mkono. Sehemu zote mbili za kufungia, kwenye bodi na kwenye giaboksi, zilisuguliwa kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma kikawa cheupe, kwa upana unaozidi kidogo kichwa cha waya. Tuliweka washa yenye meno, tukakaza, na baada ya kukaza ndipo tukapaka grisi juu yake ili kuzuia maji. Mpangilio huo una maana: umeme unapita mahali ambapo chuma kimebana chuma, na grisi iko pale kuulinda mguso ambao umeshapatikana. Shemeji alipendekeza waya wa zamani uachwe na mpya uongezwe pembeni, wazo ambalo lingefanya kazi, lakini nilimshauri auondoe kwa sababu atakayelifungua gari hili miaka ijayo akiuona ataamini kuwa unafanya kazi na atapoteza muda wake juu yake.

Tulirudia vipimo vyote tukiwa bado hatujairudisha fyuzi ya pampu. Kutoka nguzo hasi hadi kwenye injini, wakati stata inazunguka, volti 0.12. Na kwenye nguzo za betri, volti 10.6. Shemeji alishtuka kidogo kuona betri inashuka hadi 10.6 baada ya matengenezo ilhali kabla yake ilibaki 11.4, akauliza kama tumeharibu kitu. Hapana. Sasa stata ilikuwa inavuta mkondo wake kamili, betri ikawa inafanya kazi iliyonunuliwa kuifanya, na kati ya 10.6 hizo karibu volti 10.2 zilikuwa zinaifikia stata. Ninaona hapa ndipo penye fundisho gumu zaidi la kiufundi katika kisa kizima, kwamba volti kubwa kwenye betri wakati wa kuwasha si lazima iwe habari njema. Inategemea kama injini inazunguka.

Ilibaki altaneta iliyohukumiwa. Altaneta nayo haina waya wa hasi wa peke yake; inarudisha umeme kupitia mwili wake uliofungwa kwenye injini, kwa hiyo waya wa athi uliooza huizuia kuijaza betri kama unavyoizuia betri kuizungusha stata, mwelekeo tu ndio hubadilika. Kabla hatujaushusha waya wa zamani nilikuwa nimepima kwenye altaneta yenyewe, kutoka nati yake ya kutolea umeme hadi kwenye mwili wake, injini ikiunguruma na taa na feni ya ndani vikiwa vimewashwa, nikapata volti 14.3. Kwenye betri wakati uleule kulikuwa na 13.3. Volti moja ilipotea njiani: sehemu ndogo, 0.1, kwenye waya wa chanya, na 0.9 upande wa hasi. Fundi aliyepima kwenye betri peke yake aliisoma namba kwa usahihi lakini akaihukumu altaneta kwa kosa la waya. Baada ya waya mpya, betri ilisoma 14.2 na altaneta ikabaki palepale ilipokuwa.

Mshale wa joto nao ulipata maelezo yake. Kisoma-joto cha injini hii kina waya mmoja tu na hutumia injini kama hasi yake, wakati geji iliyo kwenye dashibodi inatumia bodi. Injini na bodi zikitofautiana kwa karibu volti moja kila taa zinapowashwa, geji huongezewa volti ambayo haihusiani na joto, na mshale hupanda. Baada ya matengenezo tuliwasha na kuzima taa kubwa mara kadhaa tukiutazama. Haukusogea.

Swali moja la haki ni kwa nini betri mpya ilileta nafuu kwa wiki mbili. Maelezo ninayoyaona kuwa ya karibu zaidi ni kuwa betri mpya ina ukinzani mdogo wa ndani na hushikilia volti zake juu kidogo inapotwishwa mzigo, na nyongeza hiyo ndogo ikatosha kuivusha stata kizingiti chake wakati nyuzi za waya zilikuwa bado hazijapungua sana. Zilipoendelea kukatika, nyongeza ikaisha. Nafuu ya namna hii hupotosha kuliko kutokupata nafuu kabisa, kwa sababu humfanya mtu aamini kuwa upande wa betri umeshashughulikiwa na hana haja ya kuurudia.

Kwa anayetaka kufuata njia hii kwenye gari lake, kuna tofauti chache za kuzingatia. Magari mengi ya siku hizi hayana kebo ya akselereta, kwa hiyo mkondo uliokosa njia utatafuta kebo za gia au nyaya nyembamba za vifaa vya kielektroniki, na madhara yake huwa ya kushangaza zaidi kuyasoma. Baadhi yana kipima-mkondo kidogo kilichofungwa kwenye terminali ya hasi ya betri. Hayo yakibustiwa, waya wa hasi hufungwa kwenye bodi au kwenye injini badala ya nguzo ya betri. Magari ya haibridi mengi hayaiwashi injini kwa stata ya volti 12, na nyaya zake zenye ngozi ya rangi ya chungwa hubeba volti nyingi zinazoua. Jaribio lililoelezwa hapa halihusiani nazo hata kidogo. Kwa gari lenye gia za otomatiki, lever iwe kwenye P muda wote wa vipimo.

Kabla sijaondoka niliikagua kebo mpya ya akselereta, kwa sababu nayo ilikuwa imefanya kazi kwa wiki kadhaa huku waya wa athi ukiwa umeoza. Tuliichomoa upande wa injini na kuuvuta waya wake kwa mkono. Uliteleza, lakini mahali pamoja, karibu na ukuta unaotenga injini na chumba cha dereva, ulikwaruza kidogo. Akselereta inayoweza kukwama ikiwa wazi si jambo la kusubiriwa, na shemeji aliibadilisha kesho yake kwa zile fedha alizokuwa ameziweka kwa ajili ya altaneta. Mwezi mmoja baadaye alinitumia kipimo cha njia ya hasi wakati wa kuwasha asubuhi: volti 0.13.